Udongo Uliopimwa kwa Adabu

Mwanangu, mengi ya miaka ile yamenitoka, lakini siku mume wangu alipomjibu baba yangu "saba" naikumbuka mpaka harufu ya chakula kilichokuwa jikoni. Nilikuwa nimepika sato kwa nyanya. Mama yangu alikuwa amelala chumbani, mgonjwa, nami nimesimama mlangoni na sinia mikononi, nikimsikia mtu ninayelala naye kitanda kimoja akisema uongo kwa sauti ya upole kabisa. Na Magesa, mume wangu, hakuwa mwongo. Ndiyo maana nakusimulia. Mwongo wa kawaida ungemtambua mwenyewe, usingehitaji bibi kizee kama mimi akukalishe chini.

Umekuja kuniambia kwamba umepata kazi ya kupima udongo, na nimefurahi, usidhani sikufurahi. Ila nimekusikia ulivyomsifu mkubwa wako wa kazi, kwamba ni mtu mzima, anajua kila kitu, nawe huwezi kumbishia hata kidogo. Hapo moyo wangu ukashtuka. Kaa basi. Chai ipo, na leo siendi popote.

Baba yangu, Mzee Mafuru, ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha kupimia udongo pale Musoma. Wenyewe waliita maabara. Mimi naita chumba kwa sababu nilikifagia nikiwa msichana na ninakijua: meza mbili, mizani, kabati la chupa, machujio ya waya, na mashine ndogo yenye mshale ambayo hakuruhusu mtu aiguse. Mashine ile ilipima kitu wanachokiita pH. Usinicheke nikikueleza wewe mwenye cheti, nawaeleza na wengine watakaosikia. Saba ni katikati. Mshale ukishuka chini ya saba, udongo una uchachu. Ukipanda sana, kuelekea tisa, udongo una magadi, na mazao yetu mengi hayavumilii magadi. Mashine inasoma kwa kichwa cha kioo kinachotumbukizwa kwenye tope la udongo na maji. Kichwa hicho kikizeeka, kinaanza kusema saba kwa kila kitu. Hapo ndipo pa kuogopa, mwanangu. Hakikuambii kwamba kimekufa. Kinakuambia kila shamba ni zuri.

Mume wangu alikuwa na chumba cha namna hiyo Bunda, kule Manyamanyama, kilichofunguliwa na wenye kiwanda cha kuchambua pamba. Aliyemfundisha kazi ni baba yangu mwenyewe, kabla hajanioa. Kwa hiyo alikuwa mwanafunzi wake kwanza, halafu akawa mkwe wake. Heshima ya kwanza ilikuwa inatosha. Ya pili ikamfunga mdomo kabisa.

Wewe umekulia mjini, labda hukuuona ukwe wa kwetu wa zamani. Magesa akija kwa baba alikaa karibu na mlango. Hakula naye pamoja, hakumtazama usoni kwa muda mrefu, na baba akisema jambo lolote, yeye alisema ndiyo, mzee. Mvua ingekuwa inanyesha na baba akasema kumekauka, ningemsikia mume wangu akisema ndiyo, mzee, kumekauka kweli. Nilikuwa namtania kwa hilo tulipokuwa wachumba, nikimwigiza anavyoinamisha kichwa, naye anacheka. Sikujua kama utani ule ungekuja kunitoa machozi.

Miaka yenyewe ilikuwa migumu. Tulifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, sukari tuligawiwa kwa foleni, na hata sanda ya kumzikia mtu ilitafutwa kwa kibali. Kwenye chumba cha baba vilikosekana vitu ambavyo raia wa kawaida hakujua hata kama vipo: maji yaliyosafishwa, na ule unga wa kurekebishia mashine. Unga huo unauyeyusha kwenye maji, na namba yake inajulikana tangu kiwandani, kwa hiyo mashine ikisema tofauti unajua imekosea. Uliletwa kutoka nje, na fedha za kigeni hazikuwepo. Baba akawa anachemsha maji ya ziwa na kuyachuja kwa kitambaa. Alifanya alichoweza, na katika hilo simlaumu.

Halafu likaja soko huria. Maduka ya Musoma yakajaa sabuni za kila rangi, lakini mfuko wa ofisi yake ukabaki mtupu vilevile, na kichwa cha kioo kikaendelea kuzeeka. Mbolea nayo ikaondolewa ruzuku, kila mtu ajitafutie. Ndipo wakulima walipoanza kumiminika na vifuko vya udongo, maana hakuna aliyetaka kulimwaga jasho lake kwenye ardhi asiyoijua.

Wakamiminika, na malalamiko yakaanza. Mkulima akipeleka udongo Musoma anaambiwa panda. Akipeleka udongo uleule Bunda anaambiwa usithubutu. Mimi wakati huo nilikuwa nanunua dagaa kwenye mwalo wa Mwigobero, wanakoshushia wavuvi, na kuwapeleka Bunda, na wanawake wenzangu walinicheka waziwazi.

"Hivi kwenu mnapimaga udongo ama mnapigaga ramli?" mmoja aliniuliza.

Niliumia. Sisi wenyewe pale mwaloni, debe la mtu likitiliwa shaka, dagaa walimiminwa kutoka debe lake kwenda debe la mwenzake mbele ya watu wote, na ugomvi ukaishia hapo.

Hatimaye akaja mtaalamu kutoka Mwanza, bwana mmoja mwembamba, asiye na makuu, aliyetaka kulimaliza jambo hilo. Alichukua udongo wa sehemu moja, akauanika kivulini, akauponda, akauchekecha, akauchanganya juu ya turubai, akiugeuzageuza kama unavyochanganya unga wa muhogo na wa mtama mpaka usijue upi ni upi. Kisha akaugawa, nusu Musoma, nusu Bunda. Kila chumba kipime peke yake na kupeleka jibu Mwanza, na wenye vyumba wasiulizane. Mpango ule ulikuwa mzuri, mwanangu. Hadi leo sijasikia mzuri kuliko huo. Ulichokosa ni kujua kwamba wenye vyumba walikuwa mtu na mkwewe.

Magesa alipima nikiwepo, nimempelekea chakula. Yeye alikuwa na bahati: rafiki yake aliyefanya kazi hospitali ya misheni alimgawia unga kidogo wa kurekebishia mashine, na kichwa chake cha kioo kilikuwa bado kipya. Mshale ukapanda hadi tisa na kidogo. Akaosha kioo, akapima tena, ukasimama palepale.

"Mama Neema," akaniambia, "udongo huu una magadi. Mtu akilima hapa atalia."

Kabla hajapeleka jibu Mwanza, tukaenda Musoma kumwona mama. Hiyo ndiyo siku niliyoanza nayo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, Magesa kwenye kigoda karibu na mlango, na baba, kwa furaha tu ya kumwona, akasema, "Mkwe, ule udongo wa bwana wa Mwanza, mimi nimepata saba. Udongo safi kabisa. Wewe umepata ngapi?"

Nikasimama na sinia langu mlangoni, nikiingoja tisa.

"Saba, mzee," Magesa akasema.

Baba akacheka kwa raha, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akaagiza kuku achinjwe. Sikuelewa wakati ule kwa nini alifurahi kiasi kile. Nilikuja kuelewa baadaye, na kuelewa kwenyewe hakukunisaidia kitu.

Tulirudi Bunda juu ya lori lililokuwa linakwenda kubeba pamba, na niligombana naye njia nzima.

"Mshale ulisema tisa," nikamwambia. "Nilikuwepo."

"Ulitaka nimwambie baba yako mashine yake ni mbovu? Nyumbani kwake? Na mama anaumwa?"

"Nilitaka useme ulichokiona."

"Mama Neema, udongo ule ni wa majaribio tu. Hauna mwenyewe. Nani ataumia?"

Hapo nikamwachia, kwa sababu alilosema lilikuwa kweli. Udongo ule haukuwa na mwenyewe. Wenye udongo walikuwa bado wako njiani wanakuja.

Mtaalamu wa Mwanza alipopelekewa saba mbili, majibu yamelingana, alifurahi mpaka akaja mwenyewe Bunda. Akawaambia watu mkutanoni kwamba vyumba vyetu viwili sasa ni vya kuaminika, yaliyokuwa yakitofautiana zamani yalikuwa makosa ya uchukuaji wa udongo. Akaweka utaratibu: mwenye shaka na shamba lake ampelekee bwana shamba udongo, bwana shamba augawe mara mbili, aandike namba badala ya jina ili pasiwe na upendeleo, na vyumba vyote viwili vipime. Vikikubaliana, mtu alime kwa amani. Watu wakaamini. Nani asingeamini? Miji miwili, mashine mbili, jibu moja.

Na Magesa akawa anasubiri. Hivyo ndivyo alivyoharibika, taratibu, hata yeye mwenyewe hakujiona. Alipima kama kawaida, kwa uangalifu wake wote, halafu hakupeleka jibu mpaka asikie kwa bwana shamba Musoma wamepata nini. La kwake likiwa karibu na la baba, alipeleka la kwake. Likiwa mbali, alipeleka la baba. Mwanzoni alifanya kwa heshima. Baadaye akaanza kusema, labda mimi ndiye ninayekosea, mzee ameianza kazi hii mimi sijazaliwa. Kuona ni kuona, mwanangu, lakini mtu akizoea kuyakana macho yake, mwisho yanamtii. Nilimwona akiutazama mshale wake kama unavyomtazama jirani mchonganishi.

Sasa nikuambie habari za shangazi Nyabise, na hapa univumilie, maana hasira yangu haijaisha na sitegemei iishe.

Alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliolewa Butiama, na ng'ombe wa mahari yake ndio baba aliowatumia kumwoa mama yangu. Kwetu hilo si jambo dogo. Mwanamume aliyejengewa nyumba na ng'ombe wa dada yake hatakiwi kumsahau dada huyo mpaka anaingia kaburini. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwa sababu shangazi aliolewa. Alipokuwa akija kwetu alipewa kiti cha baba, na baba, pamoja na ukali wake wote, alikaa kwenye mkeka kama mtoto.

Mume wa shangazi alifariki akamwachia shamba la mlimani, udongo mwekundu mzuri, muhogo unakua mpaka unavunja jembe. Shamba lenyewe lilipakana na barabara, na soko huria lilipoingia, kila mwenye shamba la barabarani akawa anaonewa wivu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akataka kujenga maduka pale. Akapendekeza wabadilishane: shangazi amwachie mlima, yeye ampe shamba la mbugani, kule chini kwenye tambarare kuelekea Bunda, kubwa mara kadhaa kuliko lile. Wazee wa ukoo wakaona ni haki, tena wakaona shangazi ndiye atakayefaidi.

Shangazi hakuwa mjinga, na hili nataka ulishike vizuri. Aliwaambia wazee, "Mimi ni mtu wa mlimani, mbuga siijui. Sikubali kitu mpaka udongo upimwe, na upimwe kote, Musoma na Bunda." Akauchukua udongo mwenyewe, akampa bwana shamba. Kaka yake hakumwambia, mimi hakuniambia. Alitaka jibu, hakutaka kupendelewa. Bwana shamba akaandika namba juu ya vifuko, akavipeleka.

Musoma ikasema saba. Bunda mshale ukapanda hadi tisa na zaidi, Magesa akauona, akasubiri, akaandika saba.

Shangazi akahamia mbugani na majembe yake. Ilikuwa wakati wa mvua, majani yamesimama, ungepaona ungepapenda. Akapanda mahindi na mtama. Mbegu zikachipua kwa shida, zikanyanyuka kidogo, ncha za majani zikaungua kama zimepitiwa na moto. Mvua ikinyesha maji yalituama juu, hayazami. Jua likiwaka ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Msimu ule alisema ni mbegu mbovu. Wa pili akasema labda ni mkosi. Kiangazi kilipoingia, ukungu mweupe ukatoka juu ya ardhi, na ng'ombe wa watu wakawa wanakuja kulamba shamba lake. Hapo akaelewa, akafunga udongo kwenye kitambaa, akapanda gari hadi kwetu Manyamanyama.

Alifika asubuhi. Alikuwa amekonda, shangazi yangu yule aliyekuwa akiingia mlangoni nyumba inajaa. Hakutaka uji. Alikwenda moja kwa moja kwa Magesa kazini, nami nikamfuata nyuma. Akaweka kitambaa mezani.

"Mkwe wangu, nipimie hapa nikiona."

Magesa akapima. Mshale ukapanda, ukapita tisa.

"Hii mashine yako iliharibika lini?" shangazi akauliza.

"Haijaharibika, shangazi."

"Basi mwaka ule nilipoleta udongo wa shamba hili, kabla sijahama, ilisema nini?"

Magesa alikuwa hajui kama shangazi aliwahi kuleta udongo. Nilimwona akijua, pale pale, mbele yetu, kwamba ile namba aliyoiandikia saba ilikuwa shangazi. 

"Ilisema hivihivi," akasema. Kisha akaongeza neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka napandwa na hasira upya. "Shangazi, Mungu ni shahidi, ningejua ni wa kwako, ningesema ukweli."

Shangazi akakifunga tena kitambaa chake. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo ungekuwa wa mama wa mtu mwingine, ungekuwa sawa?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimesikia watu wakikemewa kanisani, mahakamani na sokoni. Sijasikia tena mtu akikemewa vile. Maana walikuwepo, wale mama wa watu wengine. Sisi hatukuwajua, ila shangazi alipouliza, nikawaona wote wamesimama nyuma yake, kila mmoja na kitambaa chake cha udongo.

Akasema twende Musoma, sasa hivi, wote watatu. Tukaenda. 

Baba alipomwona dada yake alinyanyuka kumpa kiti. Shangazi hakukaa. Alimgeukia Magesa akasema, "Haya, mwambie." Na Magesa, jasho linamtoka, uso chini, akasema yote: tisa ya udongo wa majaribio, tisa ya shangazi, na nyingine zote katikati yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema mbele ya baba maneno mengi hivyo.

Nilitegemea baba afoke. Hakufoka. Aliuliza polepole, "Siku ile nilipokuuliza hapa, ulikuwa umepata tisa?"

"Ndiyo, mzee."

Baba akaketi, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee kweli. "Mimi nilikuwaga na mashaka na ile mashine," akasema. "Muda mrefu tu. Kila udongo ukawa saba, saba, saba. Nikajiambia, nikitofautiana na Magesa kwenye udongo huu wa Mwanza, naiweka chini, naandika chumba kifungwe mpaka kioo kipya kije. Uliposema saba nikamshukuru Mungu. Nikasema, kumbe bado nzima."

Ndicho kicheko kile nilichokisikia nikiwa mlangoni. Baba yangu alikuwa anangoja kuambiwa amekosea. Alikuwa tayari. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumwambia, na mtu huyo alimheshimu mno.

Nilitaka kumhurumia baba, lakini shangazi hakunipa nafasi. Akamuuliza, "Ulipomuuliza, ulimtajia ya kwako kwanza?"

"Nilimtajia."

"Mkwe wako, nyumbani kwako, mbele ya mke wake?"

"Ndiyo, dada."

"Basi hukumuuliza," shangazi akasema. "Ulimwagiza."

Baba akainamisha kichwa. Hata mimi ambaye nimetunga majibu mengi ya kumtetea tangu siku ile, sijalipata la kufaa.

Tulikwenda Butiama, baba akiongoza, kuwaomba wazee wa ukoo wa shemeji warudishe mambo yalivyokuwa. Baba alisimama mbele yao akasema mimi nimekosea, mashine yangu ilikuwa mbovu. Ilikuwa ngumu kwake, najua, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini misingi ya maduka ilikuwa imeshachimbwa mlimani, na shemeji alikuwa ameshika majibu yetu mawili mkononi. Akasema kwa utulivu kabisa, "Mimi sikupima udongo. Aliyetaka upimwe ni yeye, na waliopima ni ndugu zake. Wote wawili walisema mzuri." Wazee wakatazamana. Hawakuwa na la kufanya, na nadhani hata ningekuwa mimi nisingekuwa nalo. Tulirudi tulivyokwenda.

Baba alimwomba dada yake arudi kwao, ampe sehemu ya shamba letu kando ya ziwa. Shangazi akakataa. Alisema amezaa Butiama, mumewe amelala Butiama, haondoki kama mwizi. Mimi na Magesa tulimpelekea chakula kila tulipoweza, akapokea, akashukuru. Lakini mtu aliyezoea kujilisha hashibi kwa kupelekewa. Akaanza kwenda kulima vibarua. Na kulikuwa na kipande cha shamba la mlimani ambacho hakikujengwa, shemeji alikiacha kwa muhogo. Nilimkuta huko siku moja, shangazi yangu, ameinama anapalilia muhogo wa shemeji kwa ujira wa mtama, kwenye udongo uleule mwekundu uliokuwa wake. Aliponiona alijinyoosha, akafuta mikono, akaniuliza habari za watoto. Nilijibu wazima. Nikageuka upande nikalia, naye akaendelea kupalilia mpaka nilipomaliza.

Kazi ile ya kupima, nikuambie, ilitengemaa. Baba aliiondoa mashine yake mwenyewe, akaandika Mwanza kila kitu bila kujificha. Ilichukua muda mpaka kioo kipya kikapatikana, na muda wote huo alikataa kupokea udongo wa mtu yeyote. Kisha yeye na Magesa wakaanza upya. Waliweka gunia la udongo mmoja uliochanganywa vizuri, kila mmoja akawa anapima kidogo kutoka kwenye gunia hilo kabla ya kupima wa wakulima, aone kama mashine yake imehama. Na walipopelekewa udongo wa kulinganisha, kila mmoja alifunga jibu lake kwenye bahasha na kulipeleka Mwanza kabla hajamwona mwenzake. Mwanzoni walitofautiana sana, na kila walipotofautiana walikaa chini kutafuta sababu: mara ni maji, mara ni kutikisa udongo muda mfupi, mara ni machujio. Taratibu majibu yakaja kukaribiana, safari hii kwa haki. Magesa aliendelea kukaa karibu na mlango kwa baba, na kuinamisha kichwa, na kutokula naye. Ila kwa habari za udongo alisema alichokiona. Ikaonekana kumbe inawezekana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

Shangazi hakuyaona mafanikio hayo. Alizikwa Butiama kando ya mumewe, na baba alizungumza mazishini maneno machache, akashindwa kumaliza.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayekwenda kuanza kazi. Sikuambii usiwaheshimu wakubwa wako. Waheshimu, wasalimie kwanza, wabebee mizigo, wape kiti. Lakini namba uliyoiona kwenye mashine si mali yako ya kumzawadia mtu. Ni ya yule mwenye shamba, hata kama humjui, hata kama kwako ni kifuko tu chenye maandishi. Ipeleke kama ulivyoiona. Na kama jibu lako na la mwenzako yanalingana siku zote, usikimbilie kufurahi. Uliza kwanza kama mlipima au mlisikilizana. Mkitofautiana, msioneane haya. Hapo ndipo mtakapogundua kioo kilichochoka kabla mtu hajahama na majembe yake.

Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, maana utakuwa, wala si mbali, ukitaka kujua kijana wako amepata ngapi, funga mdomo wako kwanza. Mwache aseme. Akisema tofauti na wewe, usikunje uso, maana atakuwa anautazama uso wako kuliko mashine.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akupe macho mazuri na mkono usiotetemeka. Akupe wakubwa wanaouliza kwa kutaka kujua. Akuepushe na chozi la mtu usiyemjua jina. Na siku mzee unayempenda kuliko wote atakapokuambia yeye amepata saba, Mungu akupe adabu ya kuinamisha kichwa, na moyo wa kusema, "Mzee, mimi nimepata tisa."